Waya Chini ya Mgunga

Kila asubuhi, kabla jua halijakuwa kali, Kinsi alifungua zizi na kuhesabu mbuzi wa mama yake. Mwaka ule wa 1966 hesabu ilizidi kupungua. Bwawa lilikuwa limekauka, na kwa sababu ya vita kati ya serikali na wapiganaji waliotaka kujitenga, watu wa kijiji chao, mashariki ya Garissa, hawakuruhusiwa kuhamia malisho ya mbali.

Ndipo akaja fundi wa kutafuta maji, Mursal, mwenyeji wa Wajir, na pete mbili kubwa za mbao zilizozungushiwa waya. Alieleza kwamba pete ya kwanza hupeleka nguvu ya umeme ardhini, na ya pili hupokea jibu. Penye udongo wenye maji, mshale wa kipimo hupanda. Lakini chuma na shaba nazo huupandisha, kwa hiyo aliomba sufuria, visu na bangili viondolewe. Jirani yao, Bibi Osob, akauliza kama mumewe naye aondolewe, maana kichwa chake kilikuwa chuma kitupu. Watu wakacheka.

Kinsi hakucheka. Chini ya mgunga alikuwa amefukia msokoto wa waya wa simu aliouokota porini ili atengeneze bangili. Nyaya za simu zilikuwa zikikatwa na wapiganaji, na aliyekutwa nazo alikamatwa.

Walipofika pale mgungani, mshale ukapanda. Mursal aliuliza mara mbili kama kuna kitu kimefukiwa. Wote walisema hakuna. Kinsi aliinamisha macho, akachora mchanga kwa kidole cha mguu.

Mashine ya kuchimba ililetwa kwa ulinzi wa askari, kwa siku sita tu. Siku nne ilitafuna mwamba mkavu kando ya mgunga. Alasiri ya siku ya nne Kinsi alimkuta Bibi Osob ameketi kando ya mzoga wa mbuzi wake wa mwisho wa maziwa. Hakuwa akilia. Alikuwa akimpangusa vumbi machoni.

Kinsi akaenda moja kwa moja kwa Mursal.

"Adeer," alisema, kama watoto wa huko wanavyomwita baba mdogo, "chini ya mgunga kuna waya. Niliuficha mimi."

"Ulinisikia nilipouliza?"

"Nilikusikia. Niliogopa mama angekamatwa."

Mursal alikwenda naye mgungani. Kisha akaufukua waya ule, akauchanganya na nyaya zake ili askari wasiutambue. Kulipopambazuka alipima upya. Karibu na korongo mshale ulipanda kidogo tu, mahali walipokuwa wamepapuuza. Mashine ikahamishiwa hapo, na siku ya sita maji yakatoka, yenye chumvi kidogo, lakini ya kunyweka.

Kinsi alimpelekea Bibi Osob debe la kwanza, akamweleza yote.

"Maji nimeyapata, binti yangu," alisema bibi. "Mbuzi wa kumnywesha ndiye sina."

Kinsi alirudi kisimani machozi yakimtiririka. Mursal akamsogeza kivulini.

"Kuogopa si kosa," alimwambia. "Ungeninong'oneza mimi peke yangu siku ile ile. Ukweli uliochelewa umetupa maji, lakini haukumrudisha mbuzi wa Osob. Safari nyingine usiungoje ukuume. Useme mapema."