Unga Chini ya Chupa

Nani aibe maji, jamani, tena kando ya Ruvuma? Inspekta Gaudensi alicheka kimoyomoyo alipoitwa, mwaka ule wa 1998. Alipofika kwenye kambi ya watafiti waliotaka kuchimba mvuke wa ardhini, karibu na mlango wa mto, kicheko kilimwisha. Veronika, mkemia wa serikali, alikaa mbele ya chupa zake, macho mekundu.

"Zimejaa. Kimeibwa nini?"

"Maji yenyewe, afande. Haya si ya chemchemi ya moto. Maji yaliyokaa kwenye joto ardhini huyeyusha mawe, yakapanda na silika, madini ya mawe hayo. Mwaka jana niliikuta tele, haya hayana kitu. Nikiyapeleka maabara, wataniita mwongo."

Gaudensi aliinua chupa juani. Ndani yake, chini kabisa, kitu cheupe kilizunguka polepole, na kwa kitambo akasahau kilichomleta. Akakumbuka shule, kile kipande cha muhogo kilichogeuka buluu kwa dawa. Aliomba iodini ya vidonda, akadondosha tone. Maji yakawa buluu nzito.

"Unga," alisema.

Walikwenda chemchemini. Mvuke ulikuwa umelala juu ya maji, mikoko haionekani, hata sauti zao zilisikika kwa mbali. Juu ya jiwe palikuwa na unga wa mtama, bado mkavu. Huku mtu hagusi mahali pa wahenga bila kutambika kwa unga. Na kambini aliyetwanga mtama ni mmoja tu, Lucinda mpishi, aliyekimbia vita Msumbiji.

Walimkuta jikoni.

"Mama, nani ameomba radhi pale chemchemini?"

Lucinda aliweka mwiko chini.

"Ni mimi. Niliyarudisha maji, nikajaza ya kisima. Mkono ulikuwa na unga bado."

"Kwa nini?"

"Mume wangu Jasinto. Tulikuwa tunavuka, mto ukamchukua. Hakuonekana mpaka leo. Pale maji yana joto la mwili wake. Hawa wakichimba, mwanangu, nitamfuata wapi?"

Gaudensi alishikwa na huzuni, pingu akaziacha kiunoni. Veronika, aliyekuja na hasira zake, alichuchumaa kando ya mama yule.

"Mama, maji yana asili yake, na ya mwaka jana yalitueleza. Ni mvua ya ng'ambo, ya nyanda za juu Msumbiji. Ilizama ardhini, ikapita chini ya mto, ikatokea huku."

"Chini ya mto?"

"Ndiyo, mama."

Sufuria ilifurika, Lucinda akaiepua.

"Kumbe naye alivuka," alisema. Akajifuta mikono kwenye kanga. "Nipe chupa, binti. Nitakuchotea mwenyewe."