Murugi Anajua Kufanya Nini?

Jumapili baada ya kanisa, watu wengine kijijini walipumzika. Kwa Mzee Kihara hapakuwa na mapumziko. Vikombe viliondolewa, meza ikapanguswa, na Murugi akaitwa aje na kalamu. Ilikuwa siku ya kuandika barua ya kazi.

Murugi alimaliza kidato cha nne mwaka juzi. Tangu hapo alikuwa ameandika barua za kazi mpaka mtu wa posta ya Nyeri akamjua kwa jina. Hakuna hata moja iliyojibiwa. Sasa kampuni moja ya mbolea mjini ilikuwa inatafuta karani wa ghala, na mwisho wa kupokea barua ulikuwa Ijumaa. Kihara alikuwa amesema wazi kwamba hii ikishindikana, Murugi ataenda Kerugoya kulea watoto wa shangazi yake. Murugi aliwapenda watoto hao, lakini hakwenda shule ili akalee watoto. Alitaka kazi, na aliitaka kazi hii.

Shida ni kwamba barua hizo hakuziandika yeye. Yeye alishika kalamu tu. Maneno yote yalikuwa ya baba yake.

"Andika, maitu," Kihara alisema.

Maitu kwa Kikuyu ni "mama yangu". Alimwita hivyo kwa sababu Murugi alipewa jina la nyanya yake, mama yake Kihara. Na binti akiitwa mama na baba yake mzazi, atakataaje? Murugi akaandika.

"Mimi ni mtoto wa kwanza wa Mzee Kihara wa Mzee Gicheru. Baba yangu ni mzee wa kanisa tangu kabla ya uhuru."

"Baba, hao watu wanatafuta karani."

"Ndiyo. Na watajuaje karani ni mtu wa heshima kama hawajui ametoka kwa nani? Hata ukienda kwa mtu kuomba moto, unajitambulisha kwanza. Andika pia tuko wengi hapa nyumbani, na kahawa yetu imeingiwa na ugonjwa."

"Ati kahawa?"

"Ndio watuhurumie."

Murugi aliweka kalamu chini. Alijaribu njia nyingine. Alimweleza baba yake kwamba tangazo linataka mtu anayejua mizani na hesabu, na yeye alikuwa amesaidia kupima kahawa kiwandani kwa misimu miwili. Labda aandike hilo. Kihara alimtazama kana kwamba ameanza kucheza densi kanisani.

"Hiyo haikuwa kazi. Ulikuwa unamsaidia tu Mutahi, karani wao. Na mtu hajisifu mwenyewe, maitu. Wacha wengine wakusifu. Ndiyo sababu niko na hizi."

Hizi zilikuwa rundo zima. Kulikuwa na cheti cha ubatizo, barua ya pasta, barua ya chifu, na barua ya mwalimu wa shule ya Jumapili. Zote zilisema jambo moja, kwamba Murugi ana adabu na ametoka katika nyumba nzuri. Bahasha ilikuwa imevimba hata haifungiki. Murugi aliibana kwa mikono miwili na kuuma meno.

Hapo ndipo Bi Saumu alipopiga hodi. Saumu alikuwa mtu wa Majengo, mjini Nyeri. Alikuwa akinunua kabichi kwa Warigia, mama yake Murugi, tangu Murugi akibebwa mgongoni. Leo alikuwa amekuja kuchagua mbuzi wa Idi. Kazi yake ilikuwa kupiga taipu katika kampuni ya mbao, na ndiye aliyefungua barua za watu waliotafuta kazi huko. Kihara alifurahi kumwona. Alimpa barua asome, akakaa kungoja sifa.

Saumu alianza kusoma akiwa amesimama. Kisha akaketi.

"Mzee Kihara, niseme ukweli au ninywe chai yangu ninyamaze?"

"Sema."

"Hii ningeiweka kando kabla sijafika katikati. Mezani kwangu barua hujaa kikapu. Mkubwa wangu anataka kujua jambo moja tu, kama huyu mtu ataiweza kazi. Sasa mimi nimesoma yote. Nimemjua baba, nimemjua babu, hata ugonjwa wa kahawa nimeujua. Murugi simjui."

Murugi alitamani kumkumbatia. Kihara naye alikasirika. Alisema kwamba mahali alipolelewa, mtu hujulikana kwa nyumba yao, na hiyo haitabadilika kwa sababu ya mbolea.

Saumu hakubishana. Aliuliza tu, "Yule kijana aliyekukatia matawi ya kahawa mwaka jana, ulimuuliza nini kabla ya kumpa kazi?"

"Theuri? Nilimuuliza ni wa nani. Ni mtoto wa Kingori, mtu mzuri sana."

"Na alikata nini?"

Kihara alianza kupanga upya zile barua zake. Warigia akajibu kutoka mlangoni. "Alikata kila kitu. Na ya jirani pia."

"Alikuwa na adabu sana," Kihara alisema mwishowe, kwa sauti ya chini. Kwa mzee wa kanisa, huko ndiko kukubali.

Saumu aliomba karatasi safi. Alieleza kwamba anayetafuta kazi hupeleka vitu viwili. Cha kwanza ni barua fupi, inayosema anaomba kazi gani na aliona tangazo wapi. Cha pili ni wasifu, yaani karatasi moja inayoonyesha amesoma nini, amefanya nini na anajua nini. Juu kabisa ni jina na sanduku la posta. Kisha shule, miaka aliyosoma, na matokeo aliyopata. Kisha kazi alizofanya.

"Sijafanya kazi," Murugi alisema.

"Kiwandani ulikuwa unafanya nini?"

"Nilisaidia."

"Kusaidia ni nini? Mikono yako ilifanya nini?"

Murugi alikuwa amechoka na maswali, amechoka na barua, amechoka na kila kitu. Maneno yakamtoka yote kwa pamoja.

"Nilikagua mizani kila asubuhi. Nilipima kahawa ya wakulima, nikaandikia kila mtu risiti. Jioni nilijumlisha. Mutahi akiugua macho nilifanya peke yangu. Na hesabu ikikataa kulingana, sikuenda nyumbani mpaka ilingane."

"Basi andika hayo hayo. Usiongeze chumvi."

"Lakini hakulipwa," Kihara alisema.

"Mizani ilijua halipwi?"

Kihara alikuna kidevu. Bado jambo moja lilimsumbua. "Na huku si kujisifu?"

"Kujisifu ni kusema mimi ni hodari," Saumu alijibu. "Yeye hasemi ni hodari. Anasema alichofanya. Anayesoma ataamua mwenyewe."

Murugi aliandika upya, na safari hii hakuna aliyemtajia maneno. Alitaka kuandika kwamba anajua taipu, kwa sababu alikuwa ameigusa mara moja shuleni. Saumu alimkataza. Alisema wangeweza kumketisha mbele ya mashine siku ya mahojiano, na uongo mmoja ungeharibu ukweli wote. Chini waliweka lugha anazojua, kisha majina ya watu wawili wanaoweza kuulizwa habari zake, Mutahi na mwalimu mkuu wake wa zamani. Kesho yake Murugi aliwaendea kwanza, kuwaomba ruhusa. Ndani ya bahasha alitia nakala ya cheti cha shule pekee. Safari hii bahasha ilifungika vizuri.

Alipoitwa kwa mahojiano, meneja alikuwa amepiga mstari chini ya maneno yale ya hesabu kulingana. Alimuuliza hufanya nini inapokataa. Murugi alimweleza jinsi anavyorudia risiti moja moja, kuanzia ya mwisho. Wiki chache baadaye alianza kazi ghalani. Shangazi wa Kerugoya akatafuta mtu mwingine wa kulea.

Mwaka uliofuata, jirani yao Muriithi alikuja na binti yake Kabura. Alitaka Mzee Kihara amwandikie mtoto barua ya kazi. Muriithi alianza mbali, kama ilivyo desturi. Alitaja ukoo wao, akamtaja babu, akaingia kwa mashamba. Murugi alikuwa ndiyo kwanza ametoka kazini. Alisimama mlangoni akamwona baba yake akigongagonga meza kwa kidole.

"Muriithi," Kihara alimkatiza, "babako nilimzika mimi. Nakuuliza mtoto anajua kufanya nini."

Muriithi alimgeukia binti yake, naye Kabura akainua uso kwa mara ya kwanza tangu waingie.

"Maitu, leta kalamu," Kihara alisema. "Mpe Kabura. Aandike mwenyewe."