Mlango wa Jikoni

Fundi cherehani hufanya kazi barazani, mbele ya duka la vyombo. Jumapili hufunika cherehani yake kwa shuka na kuondoka.

"Fundi, safari ya wapi?" humuuliza jirani yake, muuza mkaa.

"Nafuata nyuzi."

"Nyuzi kila Jumapili! Unashonea jeshi?"

Fundi hucheka, kisha huinamisha uso. Hafuati nyuzi. Anakwenda hospitali ya magonjwa ya akili kumwona binti yake. Mkewe amefariki, na huyo ndiye mtoto wake wa pekee. Wenzake wa wodi ya vijana wamempa binti jina. Wanamwita Ngumi.

Jumapili moja mkuu wa wodi alimwita fundi ofisini. Ofisini feni ilizunguka vizuri. Feni ya wodi ya vijana ilikufa zamani.

"Binti yako amemvunja mwenzake jino," alisema mkuu. "Akipiga mtu tena, tunamhamishia jengo la nyuma."

Jengo la nyuma lina mlango wa chuma. Wageni hawaingii huko.

"Mnamfanya nini humu?" fundi aliuliza. "Nyumbani hakumpiga hata kuku. Nimewaletea mgonjwa, mmemfanya bondia!"

"Hiyo ni tabia, mzee. Hakufunzwa."

Fundi alitoka masikio yakimwaka moto. Kwenye korido alikaa mama mmoja na msichana aliyevimba mdomo. Fundi alijua ni nani. Alitaka kusema pole. Lakini akapita akitazama ukuta.

Muuguzi wa wodi alimfuata nje, karibu na kamba za kuanikia nguo.

"Baba, tukae kidogo. Ukija hapa, huwa unaondokaje?"

"Kama wenzangu. Kengele ya kunawa inalia, watoto wanakwenda bombani, sisi tunachomoka kwa mlango wa jikoni. Si amri yenu hiyo? Mlisema tukiaga tutawatibua."

"Ni amri yetu kweli, na mimi nimeifuata miaka. Lakini nimemwangalia binti yako. Siku nyingine ametulia. Shida huanza Jumapili, akirudi kutoka bombani akakuta kiti chako kitupu. Kwanza huvuta mkono wa gauni lake. Halafu huzunguka meza. Ukimsemesha, hajibu. Hapo mwenzake akimgusa au akimcheka, anapiga."

"Kumbe ni mimi?"

"Si wewe peke yako. Kuna ugonjwa, kuna woga, na tupo sisi. Kijana akipiga, wote tunaitazama ngumi. Hatuulizi kilichotokea kabla. Hebu niambie, mama yake aliondokaje?"

Fundi alisema kwa sauti ndogo, "Tulimpeleka hospitali alfajiri, mtoto amelala. Hakurudi. Nikamwambia mtoto kwamba mama amesafiri. Ukweli aliambiwa na watoto wa mtaani."

"Basi akiona kiti kitupu, anaona nini?"

Fundi alitazama viatu vyake.

"Nifanye nini, sista?"

"Muage. Mwambie unaondoka saa ngapi, na utarudi lini. Usiahidi usichoweza. Akilia, mwache alie, kulia si fujo. Akianza kuvuta mkono wa gauni, usimzonge, usimfokee, usimkamate. Mpe nafasi, sema naye polepole, uniite. Dawa ataendelea nazo. Na utoke kwa geti kubwa, akuone ukienda."

"Geti kubwa?"

Geti kubwa linatazama barabara, na mtaa mzima hupita pale. Mlango wa jikoni hutokea uchochoroni, pasipo watu. Kwa kweli fundi aliupenda mlango ule.

"Na mkuu wenu?"

"Nimemwomba. Amekubali tujaribu."

"Amekubali! Amri atunge yeye, jino livunjike la mtoto wa watu."

Jumapili iliyofuata, fundi alianza kwa yule mama.

"Dada, mwanangu alimuumiza mwanao. Niliona aibu hata kukutazama. Nisamehe."

"Wangu naye alimng'ata mtu juzi juzi," mama alijibu. "Keti, shemeji, tuko pamoja."

Kisha akamwendea binti yake.

"Mwanangu, kengele ikilia ninaondoka. Nitarudi Jumapili."

"Muongo," alisema binti. Akaanza kuvuta mkono wa gauni.

Fundi alitaka kumkamata. Akakumbuka, akarudi nyuma hatua moja. Akatoa futi yake ya kupimia mfukoni ili amwachie. Muuguzi akatikisa kichwa.

"Hiyo hapana, baba. Ni kama kamba, hairuhusiwi wodini."

Fundi akapapasa tena, akapata chaki ya kuchorea vitambaa.

"Nitunzie. Nitaifuata Jumapili."

Binti aliigeuza mkononi. "Utachoraje nguo bila chaki?"

"Kwa kipande cha sabuni."

"Nguo zitatoa povu!" Binti akacheka. Mkono wa gauni akauachia.

Wakaenda getini pamoja na muuguzi. Kengele ikalia. Wakati huohuo muuza mkaa alikuwa anapita na mkokoteni wake.

"Fundi! Kumbe nyuzi zinauzwa hapa?"

Masikio ya fundi yaliwaka tena. Akageuka, akamkuta binti anamtazama usoni, anasubiri.

"Huyu ni binti yangu," fundi alisema kwa sauti. "Anaumwa, anatibiwa hapa. Nakuja kumwona."

Muuza mkaa aliweka mkokoteni chini, akavua kofia.

"Pole, mwanangu. Upone haraka. Baba yako anatucheleweshea suruali zetu, sasa nimejua kwa nini."

Fundi akavuka barabara. Nyuma yake akasikia sauti, "Baba, usisahau chaki yako!" Akageuka, akapunga mkono.

Jumapili ile binti alilia, lakini hakumpiga mtu. Siku nyingine aliwahi kupiga meza. Muuguzi alimpa nafasi, akatulia. Jengo la nyuma halikutajwa tena. Sasa wazazi wote huaga watoto wao na kutoka kwa geti kubwa. Mlango wa jikoni hupitisha masufuria tu.

Feni ya wodi bado haizunguki. Hiyo haiwezi kutengenezwa na fundi cherehani.