Jina Alilolitaja Mwalimu Yona

Msafara wa malori kutoka Thika uliingia Garissa Jumanne moja ya mwezi wa Mei 1966, na kabla vumbi halijatua, posta ilikuwa haina pa kuweka mguu. Makarani wa serikali walisukumana na wafanyabiashara wa ng'ombe, wake wa askari wamebeba watoto, kila mtu akitaka barua yake kwanza. Tangu vita vya shifta, waasi wa msituni, vianze, barua hazikuja ila kwa msafara wenye ulinzi, na msafara wenyewe ulikuja siku ulipoweza.

Katikati ya msongamano huo alisimama Yona Hiribae, mwalimu wa Kiswahili na muziki katika Sekondari ya Misheni ya Betania. Alikuwa Mpokomo wa Ngao, kijana wa miaka ishirini na sita, mrefu, shati jeupe limepigwa pasi hadi likakakamaa, tai nyembamba shingoni licha ya lile joto. Yeye alitaka simu ya Nairobi. Kidato cha nne cha kwanza kabisa cha shule yao kilikuwa kifanye mtihani wa Cambridge mwisho wa mwaka, fomu za watahiniwa zilikuwa zimeungua ndani ya lori lililokanyaga bomu njiani, na siku ya mwisho ya kuwasajili ilikuwa Ijumaa. Hakuwa na njia ila kusoma majina kumi na manne kwenye simu, moja baada ya jingine.

Simu ilipopatikana ilikuwa inakoroma. Yona akapaza sauti hadi watu wakageuka. Alipofika jina la tano, sauti ya kike ikaingia kwenye waya.

"Mwalimu, samahani. Huyo mtoto haitwi hivyo. Nipe karatasi niseme mimi."

Yona akageuka. Nyuma ya kioo, hatua tatu tu kutoka pale alipokuwa, alikaa mwunganisha simu wa posta, msichana mwenye vipokea sauti kichwani juu ya nywele zilizosukwa vizuri, shali ya njano imemteleza mabegani, midomo ameikaza asicheke. Mkono wake ulikuwa umekwisha nyooshwa kwenye tundu la dirisha. Yona akampa karatasi. Msichana akayasoma yale majina ya Kisomali taratibu, herufi kwa herufi, na karani wa Nairobi akayaandika yote bila kuuliza mara mbili.

"Asante sana, dada. Unaitwa nani?"

"Qali."

"Asante, Kali."

"Kali ni mbwa ya D.C. Mimi ni Qali. Toa huku ndani," akasema, akijigusa koo.

Yona akajaribu. Akajaribu tena. Mzee mmoja nyuma yake kwenye foleni akasema ana ngamia watano wanaomsubiri juani.

"Bole, mwalimu," Qali akasema kwa lafudhi ya Kisomali, na sasa alicheka waziwazi. "Utajifunza."

Shule ilikuwa na simu moja tu, ya kuzungusha mkono, ofisini kwa mwalimu mkuu. Huyu alikuwa Mchungaji Stenberg, mzee mpole, mzito wa masikio, ambaye kila siku baada ya chakula cha mchana alijinyoosha kidogo nyumbani kwake. Saa nane mchana ikawa saa ya Yona.

"Posta."

"Nataka Nairobi."

"Nairobi wapi?"

"Popote. Mradi ichelewe kupatikana."

"Mwalimu, huku watu wanafanya kazi."

"Nami nafanya kazi, Qali." Alilitamka sawasawa, kutoka kooni.

"Nani alikufundisha?"

"Kidato cha pili. Kipindi kizima. Waliniambia mwalimu, jina hili lina kazi gani kwenye sarufi, nikawaambia wanyamaze wafundishe."

Akacheka, na Yona akaondoka ofisini mle akijigonga kwenye kabati kama mlevi.

Muhula ule ulikuwa wa neema kwa Betania. Kwaya ya Yona iliimba mbele ya wakubwa wa mkoa, na Mkuu wa Wilaya akaomba wimbo urudiwe. Maktaba ilifunguliwa, ikiwa na vitabu mia tatu vilivyokuja kwa masanduku. Salat, kijana mkimya wa kidato cha nne, mtoto wa mjane, aliongoza hesabu mwezi hadi mwezi, kisha siku ya michezo akawashinda askari wa kambi katika mbio za maili moja, nao wakamshangilia wakambeba mabegani. Kila jambo lilipotokea, mtu wa kwanza kuambiwa alikuwa Qali.

"Fitabu mia tatu," akasema siku ya maktaba. "Na wewe umesoma fingapi?"

"Vingi. Hakuna hata kimoja kinachosema nikikukosa Jumamosi nifanye nini."

"Basi usinikose. Njoo kwa eedo."

Eedo ni shangazi upande wa baba. Huyu aliitwa Bishara, mama mnene mwenye sauti ya kuamrisha, muuza maziwa ya ngamia sokoni. Hapo ndipo walipoonana kila Jumamosi asubuhi, mbele ya macho ya watu wote ili pasiwe na la kusemwa, Qali ameketi kwenye kigoda nyuma ya vibuyu, Yona amesimama mbele kama mteja.

"Wewe mwalimu," Eedo Bishara akamwambia siku moja, "maziwa unakunywa, ama unaangalia mtoto ya watu tu?"

"Vyote viwili, mama."

"Maziwa iko na bei. Ile ingine iko na mwenyewe, anaitwa Hirsi."

Hirsi alikuwa baba yake Qali. Shangazi alipogeuka kumhudumia mtu, Qali akasema kwa sauti ya chini, "Baba atakuuliza dini yako kabla hajakuuliza jina."

"Nitamjibu."

"Utamjibu nini?"

Walikubaliana kwamba Siku ya Zawadi ya shule, Jumamosi ya mwisho ya Julai, ikipita, ataenda kwa mzee Hirsi na jibu lolote Mungu atakalompa. Siku hiyohiyo Yona alimwuliza kama ana ndugu. Qali akanyoosha shali yake. "Kaka mmoja, Awil. Dereva, huko Wajir," akasema, kisha akauliza habari za kwaya.

Siku ya Zawadi ilingojewa kama Krismasi. Wazazi wote walialikwa, hata wale waliohamishiwa kwenye vijiji vya ulinzi, ambao kutoka kwao kulihitaji kibali. Ijumaa, saa tisa mchana, simu ya ofisini ililia yenyewe. Yona alikuwa peke yake akipanga vitabu vya zawadi.

"Mwalimu, nisikilize, usiulize." Sauti ya Qali haikuwa na mzaha wowote. "Wazazi wasije kesho. Wakija watazungukwa. Wanaume wote watachukuliwa, na vijana wakubwa pia."

"Nani kasema?"

"Nimepitisha simu sasa hivi. Mimi nimeapa, Yona. Nilichosikia kwenye waya sitakiwi kukisema hata kwa mama yangu. Nimekwambia wewe." Hakuwahi kumwita kwa jina lake kabla ya siku hiyo.

Yona akashika baiskeli, akaenda sokoni, akawaambia wachuuzi wapeleke habari vijijini kwamba sherehe ya wazazi imeahirishwa. Kesho yake kwaya iliimba mbele ya viti mia na ishirini vitupu. Salat alipokea zawadi tatu, akapigiwa makofi na walimu watano. Katikati ya wimbo wa mwisho malori manne ya askari yakaingia uwanjani. Wakashuka, wakavitazama vile viti, wakapanda tena.

Jumatatu asubuhi akaja ofisa mmoja aliyevaa kiraia, ambaye hakutaja jina lake. Alikaa kwenye kiti cha Mchungaji Stenberg, akamwomba mchungaji atoke, akamkaribisha Yona kana kwamba ofisi ni yake.

"Watu kumi walikuona sokoni, mwalimu. Sina ugomvi nawe. Nataka tu kujua nani alikuambia."

"Nilisikia watu wakisema."

"Watu gani?"

Yule ofisa hakupandisha sauti hata kidogo. Alisema kuna kijana aitwaye Salat, amechukuliwa alfajiri bwenini, na kama hakuna mwenye kosa basi kosa litakuwa la Salat. Alisema shule inayowaonya maadui inaweza kufungwa kabla ya mtihani. Yona akarudia kwamba alisikia tu watu wakisema. Ndipo yule mtu akafungua jalada, akatoa picha ya kijana mwenye bunduki.

"Unamfahamu huyu? Anaitwa Awil Hirsi. Yuko msituni tangu mwaka sitini na nne. Dada yake anafanya kazi posta. Jumamosi hiyo angekuja hapa kati ya wazazi, basi dada akatafuta mjinga wa kumsaidia." Akalifunga jalada. "Alikuambia kaka yake ni dereva?"

Kitu kikakatika ndani ya Yona. Simu zote za saa nane mchana, kicheko, maziwa, shali ya njano, vyote vikageuka mbele yake vikawa mtego. Alijiona kama mtu aliyechekwa na mji mzima. Baadaye, kwa miaka mingi, angejaribu kujiambia kwamba alisema kwa ajili ya Salat na watahiniwa wenzake. Lakini alijua nafsini mwake kwamba dakika ile hakumfikiria Salat hata kidogo. Alisema kwa sababu aliumia.

"Qali," akasema. "Wa posta."

Alilitamka vizuri.

Salat alirudishwa jioni ileile, jicho moja limevimba. Kesho yake saa nane Yona akazungusha simu. Hakujua alitaka kumgombeza au kumwomba radhi.

"Posta," ikasema sauti ya mwanamume.

Akakata.

Jumamosi alikwenda sokoni. Eedo Bishara alikuwa mahali pake, lakini kigoda kilikuwa kitupu.

"Walimchukua Jumatatu," akasema. "Wamesema jina limetoka kwa shule. Ni wewe?"

"Mama, hakuniambia ukweli. Kaka yake ni shifta. Alitaka kumwokoa kaka yake."

"Awil?" Mama huyo akaweka kibuyu chini taratibu. "Awil alikufa mwaka jana, mwalimu, mwezi wa Ramadhani. Alipigwa risasi upande ya Diff. Sisi hatukuweza hata kulia, mtu akimlilia shifta anafungwa. Tukasema ni dereva, yuko Wajir. Sasa niambie, Qali alikuwa anaokoa nani hapo kwa shule yako?"

Yona alishika ukingo wa meza ya maziwa.

"Toka hapa," Eedo Bishara akasema. "Unazuia wateja."

Qali alikaa kizuizini siku kumi na moja, akafutwa kazi, na mzee Hirsi akaihamisha jamaa yake yote, hakuna aliyetaka kumwambia Yona wapi. Aliandika barua sita. Zote zilirudi.

Mwezi wa Machi mwaka uliofuata matokeo yakafika. Kumi na mmoja kati ya kumi na wanne walikuwa wamefaulu, na Salat alipata daraja la kwanza. Mchungaji Stenberg alipiga kengele mwenyewe hadi kamba ikakatika. Wanafunzi walimbeba Yona wakizunguka naye uwanjani wakiimba, naye akiwasihi wamshushe, wakidhani anaona haya.

Vita vilipokwisha mwishoni mwa mwaka huo, dereva mmoja wa malori ya chumvi akamwambia kwamba binti Hirsi anafundisha watoto kusoma huko Wajir. Yona akaomba ruhusa ya juma moja, akapanda lori.

Alimkuta kwenye ua wa nyumba nyeupe ya udongo, saa nne asubuhi, watoto ishirini mbele yake na ubao umeegemezwa ukutani. Alikuwa amekonda. Alivaa nguo ndefu ya kahawia na shali nyeusi. Alipomwona hakushtuka. Aliwaambia watoto wakapumzike, akamwekea kiti kivulini, akaleta chai.

"Umesafiri mbali, mwalimu."

"Nimekuja kukuomba msamaha."

"Nilikusamehe zamani. Kukaa na hasira ni kazi, na mimi nina watoto ishirini."

"Nimekuja na jingine pia. Jibu la baba yako nimelipata. Kwa dini yoyote, Qali, kwa mji wowote. Nataka nikuoe."

Qali alitazama chai yake.

"Salat alifaulu?" akauliza.

"Daraja la kwanza. Yuko kidato cha tano sasa."

"Alhamdulillahi." Tabasamu lililompita usoni lilikuwa lilelile la nyuma ya kioo, na Yona akaona matumaini. Lakini halikukaa. "Walinionyesha ile picha na mimi pia," Qali akasema. "Wakaniambia mwalimu wako amekutaja. Nikasema si kweli. Siku tatu nilisema si kweli, walahi. Siku ya nne wakanisomea maneno yako."

"Waliniambia kaka yako..."

"Najua walichokuambia. Nami nilikudanganya juu ya Awil, hilo nimelikubali. Lakini Yona, simu ilikuwa pale mezani mbele yako. Ungezungusha ukaniuliza. Ungesema, Qali, wamemshika Salat, nifanye nini. Ningekuambia unitaje." Machozi yalikuwa yakimtoka, hakuyafuta. "Ningekuambia mwenyewe, nitaje. Wewe hukuniuliza."

Yona aliinamisha kichwa. Watoto walikuwa wakicheza nje ya ua, mmoja akihesabu kwa Kiswahili hadi kumi, akiruka saba kila mara.

"Nikuambie ukweli," Qali akasema. "Bado nakupenda. Lakini siwezi kulala karibu na mtu ambaye nitakuwa namchunga. Kunywa chai, itapoa. Lori lako linaondoka baada ya alasiri."

Akainuka, akapiga makofi mawili, watoto wakarudi mbio wakakaa chini. Yona alimaliza chai yake akimsikiliza akiwafundisha, kisha akaondoka bila kumkatiza.

Dereva alimwuliza kama amempata mtu aliyekuwa akimtafuta.

"Nimempata," Yona akasema, akapanda lori.