Pingili ya Sita

"Futa jina langu, Wenshan."

Ke Wenshan alicheka, akidhani ni haya za bibi harusi mtarajiwa. Zilikuwa zimepita siku mbili tu tangu asimame nyumbani kwa kina Pu, kando ya ziwa, sufuria ya shaba ya viazi ikifuka mezani, akatangaza kwamba yule mnyama mpya wa kwenye mawe ya kilimani ataitwa kwa jina la binti yao. Dhahabu huibwa, alisema, na nyumba huanguka, lakini jina likishachapwa kwenye jarida la wataalamu halifutwi na mvua wala na mfalme. Hiyo ndiyo zawadi yake ya uchumba. Mama Pu alilia juu ya bakuli la tambi za mchele, na kulipokucha mtaa mzima ulikuwa umeshapata habari.

"Sitanii," Suqiong alisema. "Huyu si mnyama mpya. Huyu ni mtoto."

Pu Suqiong alikuwa na miaka thelathini na minne, na kumi na sita kati ya hiyo aliipitisha kwenye mawe ya udongo ya Chengjiang: mchana kupasua kwa nyundo, jioni kusafisha visukuku, yaani mabaki ya viumbe vya kale yaliyogeuka jiwe, kwa sindano chini ya hadubini. Shahada hakuwa nayo. Lakini mkoa mzima wa Yunnan ulijua kwamba mguu wa mdudu wa miaka milioni mia tano ukifichwa na punje ya udongo, ni sindano ya Suqiong itakayoufikia bila kuuvunja. Wenshan alikuja kutoka mkoa wa Guizhou na udaktari wake wa visukuku, akajivunia trilobiti wake wa kwanza, mdudu wa bahari ya kale, mbele ya maabara nzima, na huyu mwanamke akamwambia kwa upole kwamba kichwa ni cha mmoja na mkia ni wa mwingine. Siku hiyohiyo akampenda.

Mnyama waliyekuwa wakimgombania alikuwa binamu wa trilobiti, yule ambaye Wachina humwita mdudu wa majani matatu. Gamba la binamu huyu lilikuwa laini: ngao moja mbele, ngao moja nyuma, na katikati pingili, kama za muwa. Aliyejulikana tangu zamani alikuwa na pingili saba. Wa Wenshan alikuwa mdogo zaidi, na pingili zake nne. Tofauti kama hiyo, wakasema, ni ya ukoo mwingine, na ukoo mwingine hutaka jina jingine. Mwalimu Tan, mkuu wa maabara, alikubali. Makala yalikuwa yapelekwe kwenye jarida Ijumaa.

Suqiong alimsogezea hadubini.

"Tazama ukingo wa ngao ya nyuma. Pingili ya tano hiyo, inataka kutoka. Kila akijivua gamba, ngao inaachia moja. Ndivyo anavyokua."

"Huo ni ufa."

"Ufa haupindi sawasawa kushoto na kulia."

Wenshan hakuinama kutazama. Alisema Mwalimu ameshatia saini, alisema mama ameshaalika watu, alisema mambo mengine mengi ambayo hayakuwa na uhusiano wowote na lile jiwe. Suqiong alimtazama masikio yanavyomwiva. Mtu wa mawe akikataa kutazama tena, aliwaza, au amechoka, au ameshaona.

Asubuhi yake alifungua droo ambayo hakuna mtu huifungua. Katika maabara ile kulikuwa na desturi: kisukuku kilichovunjika hubandikwa lebo ya njano yenye neno PUNGUFU, na kikishabandikwa hakihesabiwi tena katika makala yoyote. Ni desturi nzuri, kwani nusu ya mnyama huwapotosha watu. Suqiong alitoa vibapa vya mawe kimoja kimoja, akavipanga dirishani. Vinne vya mnyama yuleyule vilikuwa vizima kabisa. Vitatu vilikuwa na pingili tano tano. Cha nne kilikuwa na sita. Mwandiko kwenye lebo aliujua, maana mwandiko huohuo ulimwandikia barua za mapenzi.

Hakupiga simu. Alimwandikia Wenshan ujumbe.

"Droo ya pungufu, namba 31, 44, 52 na 60. Lebo umeandika wewe?"

Jibu likaja.

"Ni mimi."

"Ulihesabu pingili?"

"Nilihesabu."

"Namba 60 ina sita."

"Najua. Ina sita."

"Ulijua kabla ya kumwambia mama yangu, au baada?"

Suqiong alichemsha birika, akaliacha lipoe. Kisha likaja neno moja.

"Kabla."

Mama Pu alipoelezwa, aliacha kumenya kitunguu saumu. Hakuwa mjinga. Alielewa upesi kwamba mtoto na mtu mzima ni mnyama mmoja, na kwamba la kwanza ndilo jina linaloishi. Asichokielewa ni haraka ya binti yake.

"Huyo mdudu amekaa miaka milioni mia tano bila jina lako," alisema. "Akikaa nalo miaka michache, ataumwa wapi?"

"Jina langu ulinipa wewe, Mama. Siwezi kulibandika kwenye uongo."

"Na mimi nitawaambia nini watu? Mama Lü wa jirani amenunua kitambaa cha sherehe."

"Mwambie mdudu amekua."

"Na Wenshan je?"

Hapo Suqiong alichukua kisu, akamalizia kitunguu saumu cha mama yake, punje kwa punje. Alimpenda yule mtu.

Ijumaa maabara nzima ilikusanyika, makala yasomwe mara ya mwisho. Mwalimu Tan alikuwa mzee nadhifu mwenye sauti ya chini, na kwa miaka thelathini hakuna aliyewahi kusimama akampinga. Suqiong aliingia amebeba droo nzima mikononi, akaiweka mbele ya Mwalimu, juu ya karatasi zake. Alieleza kwa maneno machache: nne, tano, sita, saba, mnyama mmoja, umri mbalimbali.

Mwalimu Tan hakuitazama droo.

"Dada Pu, tunakuheshimu. Lakini kazi yako ni kufungua mawe. Kuainisha ni kazi yetu."

"Kuainisha kunaanzia kwenye ncha ya sindano, Mwalimu. Mimi nikikwangua vibaya leo, nyinyi kesho mna ukoo mpya."

Mtu mmoja nyuma alikohoa ili asicheke.

"Unajua mkataba wako unakwisha mwezi huu."

"Najua. Basi unao mwezi mzima wa kuhesabu mpaka saba."

Mwalimu aliinua kibapa namba 60, akasoma lebo ya njano, akauliza ni nani aliyesema jiwe hili ni pungufu. Suqiong angeweza kunyoosha kidole. Hakunyoosha.

"Mwenye mwandiko yumo humu," alisema, "na mdomo anao."

Akasubiri. Hakumtazama Wenshan, alitazama ukuta. Kama angetoka mle chumbani bila kusikia sauti yake, harusi ilikuwa imekwisha, na alijua kwamba hatalia mbele yao.

Kiti kikasogea.

"Ni mimi, Mwalimu," Wenshan alisema. "Niliona sita, nikaandika pungufu. Jiwe ni zima. Mimi ni mwandishi wa kwanza, na ninaiondoa saini yangu."

Bila saini ya mwandishi wa kwanza makala hayaendi popote. Mwalimu Tan alikusanya karatasi zake kwa utaratibu, akasema mkataba wa Dada Pu hautaendelea na kwamba Daktari Ke atafute mkoa mwingine, akatoka. Suqiong naye alitoka, kwa mlango mwingine. Wenshan alipomfuata koridoni, alimwambia amwache.

Siku nane hakupokea simu yake. Mtaani walimcheka Mama Pu, wakamwuliza mnyama wa ukoo wao anakula nini. Siku ya tisa, Suqiong akipasua mawe ya mwisho ya mkataba wake, Wenshan alipanda kilimani. Vumbi la njano lilimjaa kwenye nywele.

"Dada Pu," alianza.

"Juzijuzi nilikuwa Suqiong."

"Sijui kama bado nina ruhusa."

"Sema ulichokuja kusema. Mvua inakuja."

Alisema. Alisema kwamba katika kila makala ya maabara ile jina la Suqiong lilikuwa chini kabisa, kwenye shukrani, kwa herufi ndogo, baada ya jina la dereva. Wakubwa walijengewa vyeo kwa sindano yake, naye akabaki herufi ndogo. Alitaka awe juu, mahali ambapo hakuna atakayemshusha. Alipoona sita alijiambia ni kasoro ya mnyama mmoja, na alipojiambia hivyo alijua anajidanganya.

"Ulitaka niwe juu ya uongo," Suqiong alisema. "Angekuja mtu mwingine mwenye macho, akahesabu, jina langu likaingia kwenye orodha ya majina yaliyokufa. Nami ningezikwa humo bila kujua ni nani aliyeniua."

"Nisamehe."

"Siombwi msamaha na mtu aliyesimama. Kaa."

Alikaa kwenye mawe. Suqiong alipasua jiwe jingine. Halikuwa na kitu.

"Sina cha kukupa sasa," Wenshan alisema. "Hata kazi sina."

"Mimi sikuomba mnyama. Mnyama wangu nitamtoa kwenye jiwe mwenyewe. Nataka mtu ambaye akiona pingili ya sita, ananiita."

"Nitakuita."

"Hata ikikubomolea nyumba?"

"Nitakuita kwanza, ndipo nikimbie."

Suqiong alicheka bila kutaka, na alipokwisha kucheka alikuwa analia, na mvua ikawakuta palepale wakigombania mfuko mmoja wa plastiki, ambao mwishowe walifunikia mawe.

Makala mapya waliyaandika jikoni kwa Mama Pu: jinsi mnyama mmoja wa zamani anavyokua kutoka pingili nne mpaka saba. Hayakuwa na ukoo mpya wala jina jipya. Palipoandikwa waandishi, wa kwanza alikuwa Pu Suqiong. Wenshan alitaka kujifuta. Suqiong alikataa, akasema aliyekiri naye amefanya kazi. Mama Pu alipanga siku ya ndoa bila kumwuliza mtu. Aliwaambia majirani kwamba binti yake amekataa zawadi ambayo wake wa maprofesa wangeipokea kwa mikono miwili, na asiyeweza kukataa kitu hajui thamani ya kitu. Mama Lü alikileta kile kitambaa.

Ijumaa kabla ya harusi simu ya Suqiong ililia. Ulikuwa ujumbe wa Mwalimu Tan, naye aliusoma kwa sauti, mama na mchumba wakisikiliza.

"Pu. Nimeitoa droo yote na kuhesabu mwenyewe siku tatu. Ni mnyama mmoja. Lebo za njano nimezibandua. Mkataba wako na wa Ke iko mezani kwangu. Njooni Jumatatu saa mbili asubuhi mtie saini. Msichelewe."

Mama Pu alishika kifua kwa furaha, akamwambia ajibu haraka, na ajibu kwa adabu.

Suqiong alifuta mikono yake iliyojaa unga, akaandika:

"Mwalimu, Jumatatu saa mbili ninatia saini ya ndoa. Kazini nitakuja Jumanne. Chakula ni saa sita, usichelewe wewe."