Shingo ya Gitaa la Urban

Aidani, rafiki yetu fundi magitaa pale Msamala, siku hizi ukimtajia kazi ya kufunga shingo anabadilisha mazungumzo.

Jioni moja Romwaldi alimletea shingo kuukuu aifunge kwenye bodi jipya la gitaa la umeme. Aidani aliitambua papo hapo. Ilikuwa ya Urban, kaka yake Romwaldi, aliyezikwa majuzi.

"Vitu vya marehemu mmeshagawana?"

"Bado, ukoo haujakaa. Lakini hii ni shingo tu, fundi, si gitaa zima. Na kwaya inalisubiri."

Jibu hilo halikumkaa vizuri. Hata hivyo alipaka skrubu nne sabuni zisije zikapasua mbao, akazikaza moja moja mpaka shingo ikatulia. Romwaldi akatoka nje kupokea simu.

Umeme ukakatika. Kibanda kizima kikawa giza, na pale mezani ukaanza mlio mwembamba wa skrubu inayozunguka kwenye mbao, krii, krii, taratibu, kama kazi ya mtu asiye na haraka.

"Romwaldi, acha kuchezea kazi yangu!"

"Nachezea nini? Mimi niko huku barabarani!"

Aidani akawasha tochi ya simu. Bisibisi ilikuwa bado mfukoni mwake. Skrubu zote nne zilikuwa zimepangwa mstari mezani, kavu, zimefutwa sabuni yote.

Akaishika shingo aiondoe. Akavuta kwa nguvu zake zote, bodi kalikanyaga kwa mguu.

Haikuachia.