Kopo la Makaburi ya Zakolin

Mlango wa chuma ulibamizwa. Komeo likalia.

Kapteni Jagna Drwal alibaki gizani, chini ya uwanja wa soko wa Zakolin, bila bastola.

"Usijisumbue kupiga kelele, Kapteni." Sauti ya Hauke ilitoka upande wa pili, ya upole kama ya mwenye hoteli. "Mji mzima uko makaburini. Siku hii nimeichagua makusudi. Wakimaliza kulia, mimi na mdogo wako tutakuwa tumeshafika mbali."

"Ukimgusa Witek nitakutafuna mbichi!"

"Anza na mlango, Kapteni. Tafuna mlango kwanza."

Nyayo zikapanda ngazi, zikapotea.

Witek alikuwa mhandisi wa umeme. Kichwani mwake zilikaa namba za siri zinazoweza kuzima taa nusu ya Poland. Hauke, jasusi wa kukodiwa asiye na bendera, aliagizwa amvushe mpaka akiwa hai. Ikishindikana, amuue. Ndivyo ilivyosema amri iliyonaswa Warsaw jana. Jagna alifuata gari lake mpaka hapa, akashuka ghala la chini ya ardhi kumtafuta mdogo wake, na kitu kizito kikampiga mkononi. Bastola yake aina ya Walther ilikwenda na Hauke.

"Kiota, hapa Korongo. Pokea," aliwaita makao makuu.

Redio ilikoroma.

"Kiota, jibuni basi, jamani!"

Ikakoroma tena.

Aliwasha tochi. Maghala haya ya chini ya ardhi aliyajua tangu utotoni. Yalichimbwa na wafanyabiashara wa mvinyo, ghorofa chini ya ghorofa, la huyu likiingiliana na la yule. Baadaye wafalme watatu walipoigawana Poland kama keki, na mpaka ukapita katikati ya mto, wajukuu wa wafanyabiashara hao walipitisha tumbaku humu chini huku afisa wa forodha akikoroma juu ya vichwa vyao. Jagna na Witek walicheza kujificha humu hadi mama yao akachoka kuwachapa. Kushoto penye tao, kisha moja kwa moja, unatokea kanisani.

Akakimbia.

Kushoto. Tao.

Zege.

Aliupapasa ukuta kutoka sakafuni mpaka darini. Ndipo alipokumbuka: nyumba za sokoni zilianza kudidimia, wachimba makaa ya mawe wakaletwa kuyajaza mashimo zege. Akajaribu kulia. Zege. Akashuka ngazi za chini. Zege. Mji wake mwenyewe ulikuwa umemfukia mzima mzima.

Aliketi chini. Aliogopa, na hakujidanganya kwamba haogopi. Kifo alikuwa amezoea kukifikiria. Kilichomkata maini ni Witek kufa akidhani dada yake hakuja.

Akavuta pumzi ndefu. Akavuta nyingine.

Harufu ya kabichi!

Kila vuli watu wa Zakolin hukata kabichi, huitia chumvi na kuishindilia ndani ya pipa ichachuke. Na zege halipitishi harufu. Harufu inapopita pana matofali, na nyuma ya matofali pana ghala la mtu. Jagna aliufuata ukuta kwa pua, kama mbwa, mpaka uchachu ukamwasha macho. Akaokota pete ya chuma ya pipa bovu, akachokonoa. Tofali likadondoka. La pili likafuata. Alijipenyeza kichwa mbele, akaanguka katikati ya mapipa.

Kwenye ngazi alisimama Bibi Bronia, jirani yao wa zamani, ameshika koleo la makaa.

"Jagna wa Drwal?" alifoka. "Tangu tumzike baba yako hatujakuona kaburini hata mara moja, leo ndiyo unatoka ardhini kama panya? Na ukuta wangu je?"

"Shikamoo, Bibi. Nitaujenga."

"Marahaba. Pipa langu usiliguse."

Juu, jikoni, simu ilipata mtandao.

"Korongo! Tulidhani umekufa."

"Bado. Helikopta?"

"Ukungu umeziba bonde lote. Na polisi wa Zakolin wote wako makaburini, wanaongoza magari."

Jagna akacheka.

Mto umeuzunguka Zakolin pande tatu. Ya kutokea ni njia moja tu, kwenye shingo nyembamba ya nchi kavu, na kwenye shingo hiyo ndiko walikolazwa wafu. Leo ni tarehe mosi Novemba, Sikukuu ya Watakatifu Wote. Kila mwana wa Zakolin, awe Gdańsk au London, amerudi na gari lake kuwawashia wafu wake mishumaa. Hauke aliuona mji mtupu, akadhani na barabara ni tupu.

"Msipige ving'ora," alisema Jagna. "Akijua amenaswa atamuua Witek. Nakwenda kwa miguu."

"Una silaha?"

"Sina."

Akakata simu. "Bibi, una nini cha kuniazima?"

Bibi Bronia alivua kilemba chake, akamfunga Jagna kichwani. Kisha akatoa kopo la mchango lililofungwa kwa lakiri. "Ni la kukarabati makaburi ya zamani. Nimekusanya tangu alfajiri mpaka magoti yakagoma. Leo hakuna amnyimaye mwenye kopo, mwanangu. Ni aibu ya mwaka mzima."

Gari la Hauke, Sprinter nyeusi, lilikuwa limebanwa kati ya Skoda na basi, chini ya ukuta wa makaburi. Injini inanguruma, gurudumu halisogei. Hauke alikuwa ameng'ang'ania usukani, jasho linamtoka. Kando yake, chini ya gazeti, kitako cha Walther kilichungulia.

Bibi kizee aliyepinda mgongo akasimama dirishani, akatikisa kopo.

Chaka, chaka, chaka.

Hauke akatazama pembeni.

Chaka, chaka.

"We bwana!" mzee mmoja mwenye maua alimpigia kelele. "Mtilie mama kitu! Kwenu hamfi?"

Watu wakageuka. Watoto ndani ya Skoda wakabandika pua kwenye kioo. Hauke, mtu aliyeishi kwa kutotazamwa, akashusha dirisha na kutoa sarafu.

Kopo lilimpata puani.

Watu wa Zakolin walikuwa wakarimu asubuhi hiyo. Lilikuwa zito kweli. Pigo la pili lilivunja vidole vilivyokimbilia gazeti. Walther ikarudi kwa mwenyewe.

"Anza na mlango, Bwana Hauke," alisema Jagna. "Fungua mlango kwanza. Ushuke polepole."

Polisi waliokuwa wakiongoza magari wakamtia pingu. Nyuma, chini ya sakafu ya bandia, Witek alikuwa amefungwa kama furushi. Jagna alimbandua utepe wa gundi mdomoni.

"Umechelewa, dada."

"Foleni," alisema. Kisha akamkumbatia, akalia mbele ya umati wote, asijali nani anatazama.

Simu ikaita.

"Korongo, ukungu umeinuka. Helikopta inatua uwanja wa mpira. Haraka!"

"Isubiri."

"Isubiri nini?"

Akaizima. Bastola akaichomeka kiunoni, na kopo lililobonyea akampa yule mzee amrudishie Bibi Bronia. Mzee akampa mshumaa ndani ya glasi nyekundu, bila kuuliza kitu. Jagna akaingia lango la makaburi, hatua za taratibu, kama mtu aliyetoka sokoni. Witek alimfuata akichechemea.

Mbele yao kilima kizima kilikuwa kinawaka mishumaa. Jagna akasimama.

"Vipi?" Witek aliuliza.

Alimgeukia mdogo wake, mshumaa mkononi.

"Nionyeshe lilipo kaburi la baba," alisema.